Nyumba ya Kambare: Samaki Wadogo wa Vijito vya Katavi na Majina Yao

Waswahili husema, nyumba ya kambare: baba ana ndevu, mama ana ndevu, mtoto ana ndevu. Husemwa juu ya kaya au ofisi ambamo kila mtu ni mkubwa na hakuna wa kuagizwa. Aliyeutunga msemo huu alikuwa mtazamaji mzuri wa samaki. Kambare huota sharubu akingali mchanga kabisa, jike kwa dume, na sharubu zenyewe hazihusiani na umri wala cheo. Ni viungo vya kupapasia na kuonjea, vinavyomwongoza mwenye navyo katika maji ambamo macho hayafui dafu.

Msemo huo unaficha jambo jingine ambalo wapenzi wa lugha hatujalitazama vya kutosha: unaonyesha namna Kiswahili kilivyowapanga samaki hawa. Mwenye sharubu na ngozi tupu isiyo magamba ni kambare, au kambale kama wanavyotamka wengi wa bara, awe na urefu wa mkono au wa kidole cha mwisho. Wakubwa wana majina yao ya ziada. Yupo gogogo, mwenye miiba mikali na sauti ya kukoroma akitolewa majini; yupo mbofu wa Ziwa Viktoria. Wakati mwingine lugha imeacha sharubu na kutazama tope: kambaremamba hana sharubu za kambare, wala si jamaa yake, ila huishi matopeni na kuvumilia kiangazi, basi akapewa jina la nyumba asiyozaliwa. Hakuna aibu katika hilo. Kila uainishaji huanza kwa kuchagua kitu kimoja cha kutazama na kuyafumbia macho mengine.

Nitakaowazungumzia hapa ni wale wadogo wa vijitoni, ambao wengi wao hawafiki sentimita 10, wanaoishi katika maji yanayoteremka kwenye mawe na mchanga. Kiswahili sanifu huwaita kambare wadogo, kikiwaita kabisa. Hali majina wanayo, tena ya mtindo mkubwa, yaliyotolewa Berlin, Hamburg, London na Tervuren kwa Kigiriki na Kilatini. Historia ya majina hayo inapita katika mkoa wa Katavi kwa njia ya ajabu kidogo, na ina jambo la kutuambia sisi tunaoshughulika na maneno.

Kwanza tuyaone maji yenyewe. Mji wa Mpanda, makao makuu ya mkoa ulioundwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, uko katika nchi ya miombo ambako mvua moja huweza kwenda njia tofauti kabisa. Maji ya kaskazini huingia Mto Ugalla, unaomwaga katika Malagarasi, nao Malagarasi huenda Ziwa Tanganyika. Ya magharibi hushuka moja kwa moja kwenye ziwa hilo, kwa mito mifupi yenye haraka kama Ifume wa upande wa Karema. Kutoka Tanganyika maji hutoka kwa Mto Lukuga, yakaingia Kongo, na mwisho wake ni bahari ya Atlantiki. Lakini maji ya kusini na mashariki, yale ya Katuma na wenzake wanaopita katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, hukusanyika katika nyanda za Katavi na Chada, yakaendelea kwa Mto Kavuu mpaka Ziwa Rukwa. Rukwa halina mlango. Kinachoingia humo hutoka kwa jua tu.

Kwa samaki mkubwa anayeweza kupita mabwawani na kusubiri mafuriko, mgawanyo huu ni kizuizi, ila kizuizi chenye nyufa. Kwa samaki wa kijito, anayeshikamana na mawe ya juu mlimani, mwinuko mdogo kati ya vijito viwili unatosha kuwa ukuta wa maelfu ya miaka. Ndiyo maana wataalamu wa samaki hupenda mahali pa namna hii: panda kilima kimoja, shuka upande wa pili, na huenda kambare uliyemwacha nyuma si yule utakayemkuta mbele.

Wakazi wa vijito vya Afrika Mashariki ninaowakusudia ni wa jamii tatu, na kila moja imejifunza namna yake ya kutochukuliwa na maji.

Wa kwanza ni Chiloglanis. Huyu midomo yake imepanuka na kuungana na sehemu ya sharubu zake, ikawa kikombe cha duara chini ya kichwa. Hukibandika kikombe hicho juu ya jiwe na kukaa hapo huku maji yakimpiga usoni, akikwangua mwani na kula wadudu wachanga wa majini. Tuliosema kambare ni sharubu tunapaswa kusita kidogo mbele yake, kwa kuwa sharubu zake nyingine zimegeuka kuwa mdomo.

Wa pili ni Amphilius. Hana kikombe. Tumbo lake ni bapa, mapezi ya kifuani na ya tumboni ni mapana kama viganja, hana mwiba mkali wa kuchoma, na macho yamepanda juu ya kichwa. Hulala kifudifudi kati ya mawe na changarawe akaacha mkondo upite juu yake. Ana jozi tatu za sharubu.

Wa tatu, Zaireichthys, ni mdogo kuliko wote. Wengi wake huishia sentimita tatu au nne. Yeye ni wa mchangani. Hukaa mahali ambapo kijito kimepunguza kasi na kutandika mchanga safi, akijifukia na kuonekana kwa shida, kwa kuwa madoa ya mwili wake yanafanana na chembe za mchanga. Katika Ziwa Nyasa wamo wa jamii yake wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono.

Wote watatu wanategemea maji yanayotembea, yenye oksijeni nyingi. Hapo ndipo wanapoachana na kambare mashuhuri wa mabwawani, Clarias, mwenye kiungo cha kupumulia hewa juu ya matamvua. Bwawa likichacha, Clarias hupanda juu akavuta pumzi. Likikauka, huweza kujiburuta usiku kwenye majani mabichi kutafuta jingine. Mdogo wa kijitoni hana ujanja huo. Wote tunawaita kambare, lakini mmoja huishi kwa sababu maji yamesimama na hajali, na mwingine hufa yakisimama.

Sasa majina. Neno glanis, lililomo ndani ya Chiloglanis, ni la zamani. Aristotle alilitumia kwa kambare wa mito ya Ugiriki, akaeleza kwamba dume hukaa kuyalinda mayai. Wasomi wa Ulaya waliokuwa wakimjua kambare mmoja tu wa kwao, ambaye hakulingana na maelezo hayo, walimtilia shaka kwa karne nyingi. Katika karne ya 19 Louis Agassiz aliwatazama kambare wa Ugiriki wenyewe na mzee akaonekana alisema kweli. Chilo ni mdomo. Kwa hiyo jina zima, tukilifungua kama tunavyofungua jina la Kibantu, ni kambare-mdomo, na hakuna mwenye macho angeweza kumwita vingine.

Aliyeliunganisha jina hilo ni Wilhelm Peters wa Berlin, mwaka 1868, alipomwandika Chiloglanis deckenii kutokana na vitu vilivyotoka katika safari za Baron Karl Klaus von der Decken huku kwetu Afrika Mashariki. Decken mwenyewe hakuisoma heshima hiyo. Aliuawa Bardera, kwenye Mto Juba, mwaka 1865. Hivyo jamii nzima ya kambare-mdomo, ambayo leo ina spishi nyingi kutoka Afrika Magharibi mpaka Kusini, imesimama juu ya samaki wa Afrika Mashariki na jina la marehemu mmoja wa Kijerumani.

Miaka 20 baadaye Franz Stuhlmann alifika Zanzibar na kuvuka bara. Mwaka 1888 alichukua samaki katika kijito cha Mhonda, kwenye milima ya Unguu, ambayo sasa ni sehemu ya Mvomero mkoani Morogoro. Georg Pfeffer wa Hamburg alimwandika mwaka 1889 kwa jina la uranoscopus, maana yake mtazama-mbingu. Nakiri kwamba katika orodha zote za samaki wa nchi hii hakuna jina linalonipendeza kama hili. Samaki wa kijito kifupi, analala juu ya mawe kwa tumbo, macho yakielekea juu, na mtu aliyemwona amekufa ndani ya chupa ya pombe akatambua kwamba alikuwa akitazama mbingu. Leo anaitwa Amphilius uranoscopus.

Samaki wa mchangani alipitia safari ndefu zaidi ya maneno. Franz Hilgendorf wa Berlin alipata kambare kidogo kutoka Mto Bubu, upande wa Irangi, yaani nchi ya Kondoa. Hilgendorf alifariki mwaka 1904, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1905 kwa jina la Gephyroglanis rotundiceps, mwenye kichwa cha duara. Baadaye akahamishiwa Leptoglanis. Mwaka 1968 Tyson Roberts aliunda jenasi mpya, Zaireichthys, kwa ajili ya kambare mwingine mdogo wa Kongo. Mwaka 1991 Tianpei Mo, kwa kuchunguza mifupa, aliwatoa samaki wa kundi hili katika familia kubwa ya Bagridae na kuwapeleka kwa Amphiliidae, na yule wa Kondoa naye akaishia ndani ya Zaireichthys. Zaire, kama wengi wajuavyo, ni matamshi ya Kireno ya neno la Kikongo, nzadi, yaani mto. Basi kambare wa Bubu, mto unaokwenda kuishia katika kinamasi cha Bahi na usiofika popote pengine, anaitwa samaki wa Zaire. Jina la kisayansi nalo lina ushairi wake, na si lazima ushairi huo ufuate ramani.

Msomaji atauliza, na Katavi? Mbona majina haya yote yametoka Unguu, Kondoa na Berlin?

Swali hilo ndilo kiini cha makala haya. Katavi haikukosa wageni wenye kalamu. Stanley alipita Ukawendi mwaka 1871 akikwepa vita vya Mirambo kwenda Ujiji. Karema, ambayo sasa iko katika Wilaya ya Tanganyika ya mkoa huu, ilipata kituo cha Wabelgiji mwaka 1879, kikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe mwaka 1885. Mjerumani Richard Böhm, mtaalamu wa wanyama hasa, alifanya kazi katika nchi ya Ugalla na Karema mwanzoni mwa miaka ya 1880. Ndege na punda milia wakabeba jina lake. Hangeweza kukosa kuvuka vijito. Lakini kitu cha majini kilichompa sifa kilitoka ziwani: mwaka 1883 aliona kiwavi-maji wa maji baridi katika Ziwa Tanganyika, mnyama wa namna ambayo watu walizoea kuikuta baharini.

Habari hiyo iliwasha moto Ulaya. Je, Tanganyika lilikuwa kipande cha bahari ya kale kilichosahaulika bara? J. E. S. Moore alikuja mara mbili katika miaka ya 1890 kutafuta jibu, akaandika kitabu kizima mwaka 1903 kutetea dhana hiyo. W. A. Cunnington akafuata mwaka 1904 na 1905. Dhana ya bahari ikaporomoka, lakini samaki walikuwa wamejaa London, ambako George Albert Boulenger aliwaandika mmoja mmoja na kuwakusanya katika orodha yake kuu ya samaki wa maji baridi wa Afrika, juzuu nne kati ya 1909 na 1916. Ziwa lilikuwa na fumbo, na penye fumbo ndipo fedha za safari huenda. Kijito hakikuwa na fumbo. Kilikuwa mahali pa kuoshea miguu.

Hata Rukwa, ziwa lisilo na fahari ya Tanganyika, lilitangulia vijito vyake. Hilgendorf na Paul Pappenheim waliandika juu ya samaki wake mwaka 1903, na hapo ndipo perege wa Rukwa alipopata jina la rukwaensis. Mwaka 1936 na 1937 wanawake wawili vijana kutoka Uingereza, Kate Ricardo na Janet Owen, walikuja kuchunguza samaki na uvuvi wa Rukwa na Bangweulu. Taarifa ya Ricardo juu ya samaki wa Rukwa ilitoka mwaka 1939. Ilikuwa kazi ya maana, na serikali ya kikoloni ilitaka kujua ziwa linaweza kulisha watu wangapi. Samaki wa urefu wa kidole halishi mtu yeyote. Mwaka 1950 reli ya tawi kutoka Kaliua ikafika Mpanda, kwa sababu ya madini ya risasi, na kwa mara ya kwanza mtu angeweza kufika karibu na vijito hivi akiwa amekaa kitini. Hifadhi ya Katavi ikatangazwa mwaka 1974, ikibeba jina ambalo wenyeji hulihusisha na Katabi, mzimu wa mkwaju ulio karibu na ziwa dogo la huko. Watu wakaja kutazama viboko.

Ilichukua mpaka mwaka 1996. Mjerumani Lothar Seegers, aliyezunguka kwa miaka mingi katika mito ya Tanzania, alitoa kupitia makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, kitabu kizima juu ya samaki wa bonde la Rukwa, mito yake ikiwemo. Humo wamo Chiloglanis rukwaensis na Amphilius chalei, wote wawili wapya kwa sayansi. Tangu orodha ya 1903 hadi hapo ni miaka 93. Ziwa lilikuwa limeshaandikwa, limeshapimwa, limeshakauka kwa sehemu na kujaa tena. Kambare-mdomo wa mito yake ndiyo kwanza anapata jina.

Lile neno rukwaensis linastahili kutazamwa. Kiambishi -ensis hufanya kazi ya "wa" yetu ya mahali: wa Rukwa, kama tusemavyo mtu wa Pwani. Majina ya watu huishia na -i au -ii kwa mwanamume, na hiyo nayo ni "wa" ya umiliki: deckenii, wa Decken. Mfumo una sarufi yake, na mtu aliyezoea ngeli hataukuta mgumu. Ugumu uko katika swali la nani anaalikwa ndani ya sarufi hiyo. Waarabu wa Misri walialikwa mapema. Peter Forsskål, aliyefika huko mwaka 1761 na kufia Yemen mwaka 1763, aliyasikiliza majina ya wavuvi wa Nile na kuyaandika kama yalivyo. Kazi yake ilichapishwa mwaka 1775, na mpaka leo mbofu wa Ziwa Viktoria ni Bagrus docmak, na ndugu yake ni Bagrus bajad, yote mawili yakiwa maneno ya Kiarabu cha kule. Mpewaji jina aliwasikiliza wavuvi. Wengi waliokuja kwetu baadaye hawakufanya hivyo, au walisikia na kuandika pembeni.

Isidhaniwe kwamba majina yakishatolewa hukaa kimya. Mtazama-mbingu wa Pfeffer alikuja kuwa gunia. Mwaka 1984 Paul Skelton, akipitia upya jenasi ya Amphilius ya Afrika Mashariki na Kusini, aliona kwamba majina kadhaa yaliyotolewa na Boulenger na wenzake hayakutofautishwa vizuri, akayaingiza chini ya uranoscopus. Kwa robo karne, karibu kila Amphilius wa aina hiyo kutoka Kenya kwenda kusini akawa uranoscopus. Mwaka 2010 Alfred Thomson na Lawrence Page wakafungua gunia upande wa Kenya: wakawarudisha A. grandis na A. krefftii, wakaongeza mpya, A. athiensis, wa Mto Athi. Kisha mwaka 2015 Thomson na wenzake wakapitia kundi jingine, lile la Amphilius jacksonii, na kutoa humo spishi mpya tano. Wako wanaochoshwa na mabadiliko haya na kusema wanasayansi hawajui watakalo. Mimi nayaona kama kazi ya mhariri wa kamusi, anayeamua kama "kaa" ni neno moja lenye maana nyingi au maneno manne yaliyofanana sauti. Anayeunganisha na anayetenga wote wana hoja. Tofauti ni ushahidi walionao siku hiyo. Katika kambare-mdomo, ushahidi huo huwa ni idadi ya meno ya taya la chini, umbo la kikombe, urefu wa mwiba, mkato wa mkia. Mambo madogo, kama tofauti ya herufi moja katika mizani.

Ni upande wa kaskazini, katika mfumo wa Malagarasi unaopokea maji ya Ugalla, ndipo jina la samaki mdogo lilipoonyesha uzito wake. Karibu na mwisho wa Malagarasi, mkoani Kigoma, yapo maporomoko ya Igamba. Chini ya mkataba wa msaada uliotiwa saini mwaka 2008, shirika la serikali ya Marekani la Changamoto za Milenia lilikusudia kugharimia umeme wa maji mahali hapo. Uchunguzi wa mazingira ukakuta viumbe wa majini ambao hawakuwa wamejulikana kwingine. Hiyo ikawa sababu mojawapo ya mradi kuachwa, na Kigoma ikapangiwa umeme wa jua badala yake. Mwaka 2011 John Friel na Thomas Vigliotta wakachapisha spishi tatu mpya za kambare-mdomo wa Malagarasi ya chini na Mto Luiche. Ubaya wa hadithi hii haufichiki: mtu wa Kigoma anayesubiri taa ana haki ya kuuliza kama samaki wa sentimita chache anamzidi thamani. Swali ni halali. Lakini lisingeulizwa kabisa kama hapangekuwa na mtu wa kusema huyu ni nani na kwamba si yule wa mto mwingine.

Na tazama majina yenyewe. Wa kwanza ni Chiloglanis orbicularis, Kilatini kitupu, duara. Wa pili ni Chiloglanis kazumbei, kwa heshima ya George Kazumbe, Mtanzania aliyewasaidia wataalamu kwa miaka mingi katika kukusanya samaki. Ile -i ya mwisho ambayo mwaka 1868 ilimtukuza baron, sasa imekaa juu ya jina la mtu wa huku. Wa tatu ni Chiloglanis igamba. Hilo halikuvikwa kiambishi chochote. Si igambaensis wala igambae. Neno limeingia katika Kilatini na nguo zake za nyumbani, kama docmak na bajad walivyoingia miaka mia mbili nyuma yake.

Turudi Mpanda, kwa Katuma. Mwaka 2010 Manase Elisa, Julius Gara na Eric Wolanski walichapisha tathmini ya uhaba wa maji katika Hifadhi ya Katavi. Walieleza jinsi kilimo cha mpunga cha umwagiliaji kilivyopanuka juu ya hifadhi, na jinsi maji yalivyozuiwa na kugeuzwa kuelekea mashambani, mpaka mto ukaacha kutiririka wakati wa kiangazi. Picha zinazotoka huko huonyesha viboko wamebanana katika tope, na ni picha za kuhuzunisha kweli. Katika tope hilohilo Clarias bado anavuta pumzi. Anayetegemea mkondo haonekani pichani, akiwepo au asipokuwepo. Mkulima wa mpunga naye si mhalifu wa kubuniwa. Ana watoto na ana mvua isiyotabirika. Maji ni yaleyale, na kila mtu katika nyumba hii ana ndevu.

Kuna hatari nyingine ya zamani zaidi, utupa. Majani yake yakipondwa na kutiwa majini huwalevya samaki wa dimbwi zima, wakubwa kwa wadogo, na sheria ya uvuvi inakataza sumu. Wazee walioutumia, hata hivyo, ni miongoni mwa watu wachache waliowahi kuona kila kilichoishi katika dimbwi kikielea juu kwa wakati mmoja. Yule wa mchangani asiyeonekana, yule wa chini ya jiwe asiyeingia katika mgono, wote walipanda juu. Kama kuna majina ya Kibende, Kipimbwe, Kitongwe, Kikonongo au Kifipa yanayomtenga kambare-mdomo na mtazama-mbingu, yamo vinywani mwa watu hao na mwa watoto wanaogeuza mawe vijitoni.

Mfano wa kazi hiyo upo jirani. Toshisada Nishida, Mjapani aliyeanza kuwachunguza sokwe wa Mahale mwaka 1965, alichapisha pamoja na Shigeo Uehara mwaka 1981 orodha ya majina ya mimea kwa Kitongwe. Walikuja kwa ajili ya sokwe. Wakatambua kwamba hawawezi kuandika sokwe amekula nini bila kuuliza mti unaitwaje, na waliowauliza walikuwa Watongwe waliotembea nao msituni. Kwa samaki wa vijito, daftari la namna hiyo halihitaji maabara. Linahitaji mtu anayeijua lugha ya mahali, beseni jeupe, na mwezi wa Mei au Juni ambapo mvua zimekatika na vijito vingali vinatembea. Samaki akishawekwa kwenye beseni, aulizwe mwenyeji: huyu ni nani, na yule? Kisha aulizwe alikotolewa, juu ya jiwe, chini ya jiwe, au mchangani, na jibu liandikwe kwa maneno yake, pamoja na toni, kabla samaki hajarudishwa majini.